Anga limeungua, mlima umekuwa mweusi: kutafuta chanzo cha kasoro katika picha za mandhari

Kasoro nyingi za picha za mandhari tunazigundua kwenye skrini ya kompyuta, lakini chanzo chake mara nyingi kimebaki uwanjani. Filta iliwekwa mbele ya lenzi mahali palipotaka eksposha kadhaa za kuunganishwa, yaani picha za mandhari ileile zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga, au eksposha kadhaa zilipigwa mahali palipotaka filta. Ukishaielewa tofauti ya njia hizi mbili, matatizo mengi yaliyomo humu utayatambua kabla hujafungua programu yoyote.

Filta hufanya kazi katika wakati mmoja. Mwanga unapita kwenye kioo, shata inafunguka mara moja, na kila kilichokuwa mbele yako kinashikwa katika muda uleule. Kuunganisha eksposha ni kukusanya nyakati mbili, tatu au tano na kuzifanya zionekane wakati mmoja. Kwa hiyo vitu vinavyosogea, kama mawimbi, makuti ya mnazi au ngalawa iliyotia nanga, vinaisumbua njia ya kuunganisha. Upeo usionyooka, kama kilele, mbuyu au tanga linalopanda juu ya mstari wa bahari, unaisumbua filta. Dalili nyingi zilizoelezwa hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo, isipokuwa zile zinazotokana na kioo chenyewe.

Kabla ya kulaumu chochote, fanya uchunguzi mfupi. Fungua kila fremu peke yake, ikuze hadi asilimia 100, itazame katikati na pembeni. Kasoro ikiwa tayari imo ndani ya fremu moja, programu ya kuunganisha haihusiki. Fremu zote zikiwa safi na kasoro ikajitokeza baada ya kuunganisha, tatizo liko kwenye ulinganifu wa fremu au kwenye maski, yaani ramani inayoamua fremu ipi ionekane wapi. Na kila ufikapo mahali papya, piga fremu moja bila filta yoyote. Haigharimu kitu, na baadaye ndiyo itakayokuonyesha kama rangi ya ajabu, ukungu au giza la pembeni vililetwa na filta au vilikuwapo tangu mwanzo.

Tukubaliane pia juu ya vipimo. Stopu moja ni kuzidisha mwanga mara 2 au kuugawa nusu. Filta za ND zina giza sawasawa kioo kizima: ND8, inayoandikwa pia 0.9, inakata stopu 3. ND64, yaani 1.8, inakata 6. ND1000, yaani 3.0, inakata 10.

Kilele kimekuwa cheusi kuliko mbuga

Chukua Mlima Kilimanjaro unavyopigwa asubuhi kutoka Amboseli, upande wa Kenya. Mbuga ni tambarare, mtu anaona upeo ulionyooka, anachomoa filta ya nusu giza, ile GND ambayo juu ina giza na chini ni kioo kitupu. Anga linatulia vizuri. Lakini kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, nacho kimesimama ndani ya sehemu ya giza. Barafu iliyotakiwa kung'aa inageuka kijivu, na miteremko inakuwa bonge la weusi lisilo na bonde wala mgongo. Utambarare wa chini umemdanganya mpiga picha, kwa sababu upeo halisi wa picha hiyo ni ukingo wa mlima.

Hapa pa kuunganisha eksposha. Piga moja kwa ajili ya barafu na anga, nyingine kwa ajili ya nyasi na vumbi la mbele, kamera ikiwa juu ya tripodi au imeegemezwa imara. Kwa umbali huo mlima hausogei na mawingu huenda polepole, kwa hiyo fremu hulingana vizuri. Tembo wakipita mbele, wachukue wote kutoka fremu moja tu, usiwachanganye. Wahi mapema, kwa maana mawingu hukifunika kilele asubuhi ikishasonga, na fremu ya mlima uliofunikwa nusu haiungani vizuri na ile iliyopigwa kabla.

Ukiwa na filta hiyo tu, chagua aina yenye mpito laini na ya stopu 2 badala ya 3, kisha ushushe mpito wake hadi kwenye ukungu wa chini ya mlima, ambako macho hayatauona. Picha ikishapigwa na faili likiwa RAW, yaani data ghafi ya kamera, unaweza kuupaka mlima kwa brashi na kuuinua kwa stopu moja hivi. Zaidi ya hapo chembechembe (noise) zitaanza kujitokeza kwenye miteremko ya kivuli.

Kuna jamaa wa tatizo hili: mstari wa mpito wa filta unaonekana wazi angani kama ukingo wa pazia. Sababu ya kawaida ni tundu dogo la lenzi, lile linalopimwa kwa namba za f. Kadiri unavyofunga kutoka f/5.6 kwenda f/16, mstari wa filta unakuwa mkali zaidi kwenye picha, na lenzi pana huuzidisha. Rudi f/8, au isogeze filta huku ukitazama skrini ya kamera ikiwa tundu limefungwa kwa kipimo utakachopigia, maana kwa kawaida kamera huonyesha taswira tundu likiwa wazi na hivyo mstari huonekana laini kuliko utakavyokuwa.

Maji yanang'aa kuliko anga

Picha ya ziwa ina anga zito la kupendeza, lakini mtazamaji anahisi kitu hakiko sawa na hajui ni nini. Tazama taswira ya anga iliyo majini. Maji hurudisha sehemu tu ya mwanga uliotoka juu, kwa hiyo taswira ile lazima iwe na giza kidogo kuliko anga lenyewe. Ikiwa ni kinyume, filta yako ilikuwa kali mno, au wakati wa kuunganisha ulichukua anga kutoka fremu ya giza mno. Pima anga, pima maji, toa tofauti, kisha punguza stopu moja: tofauti ikiwa stopu 3, weka filta ya 2. Kwenye kompyuta, punguza nguvu ya leya (tabaka) ya anga hadi taswira irudi chini ya asili yake. Marekebisho ni madogo na matokeo yake makubwa.

Ukanda mweupe umezunguka mlima au miti

Hii ndiyo kasoro iliyoipa jina baya kazi ya kuunganisha eksposha, na watu wengi wameachana na njia nzuri kwa sababu yake. Inafaa kukumbuka kwamba kuunganisha kulianza zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga bahari kwa sahani za vioo zilizopakwa kolodiani, ambazo zilidaka rangi ya bluu kwa nguvu mno, kwa hiyo anga liliungua likawa jeupe tupu. Akawa anachapa bahari kutoka negativi moja na anga kutoka nyingine, akizikutanisha kwenye mstari wa upeo. Alichagua mahali rahisi kuliko pote: mstari ulionyooka, usio na majani wala mawe. Taabu zetu zinaanza tunapotaka kuunganisha kwenye mgongo wa mlima au kwenye shungi la mnazi.

Anza kwa kuutazama upana wa ukanda. Ukiwa mpana, kama ukungu unaofifia polepole kwenda angani, umetoka kwenye vitelezi vya kukoleza au kwenye maski iliyolainishwa kupita kiasi. Ukiwa mwembamba kama uzi, tazama pande zote mbili za kitu. Uzi mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili maana yake fremu hazikulingana: kamera ilitikisika kati ya picha moja na nyingine. Uzi mweupe pande zote mbili maana yake umenoa picha mno. Uzi ukionekana kwenye majani tu huku shina na paa viko safi, ni upepo.

Ule mpana unatibika kwa kurudi nyuma. Rudisha vitelezi vya Clarity, Dehaze na vinginevyo vya aina hiyo hadi sifuri, uone kama ukanda unaondoka. Ukiondoka, umeshampata mhusika, na utavipandisha tena kwa sehemu zilizo mbali na upeo tu. Usipoondoka, shida ni maski. Badala ya kuichora kwa brashi laini, itengeneze kutokana na mwanga wa picha yenyewe, ili kila jani na kila jiwe liwe na mpaka wake halisi. GIMP na Photoshop zote zinaweza, na GIMP ni ya bure. Ukibaki ukanda mdogo, fungua leya mpya juu, iweke katika hali ya kutia giza pekee, ile inayoitwa Darken, chukua rangi ya anga lililo karibu na upake juu ya ukanda kwa brashi yenye nguvu ndogo. Hali hiyo hubadilisha tu sehemu zenye mwanga kuliko rangi uliyochukua, kwa hiyo mlima ulio mweusi hauguswi. Ni njia ya kale kidogo, na bado inashinda vitufe vingi vya mkato.

Fremu zisizolingana zipeleke kwenye programu ya kulinganisha kabla ya kuziunganisha. Hugin, ambayo nayo ni ya bure, ina kifaa cha kazi hiyo, na Lightroom hufanya hivyo yenyewe ukiacha chaguo lake likiwa limewashwa.

Makuti yaliyopeperushwa na upepo hayana dawa ya kulinganisha. Chagua fremu moja iwe ndiyo ya mti mzima. Kwa kawaida ninachagua ile iliyopigwa kwa ajili ya anga, na kuyaacha makuti yawe meusi dhidi ya machweo. Mnazi mweusi mbele ya anga la machungwa ni kitu ambacho jicho hukiona kila jioni. Mnazi wenye ukingo mweupe jicho halijawahi kuuona. Njia ya pili ni kutounganisha kabisa. Kamera nyingi za sasa, kwa ISO (wepesi wa kuitikia mwanga) ya chini, hushika takriban stopu 12 hadi 14 katika faili moja la RAW. Piga fremu moja ukiwa umelilinda anga lisiungue, kisha itoe mara mbili kutoka faili hilohilo, moja kwa anga na moja kwa nchi kavu, uziunganishe. Kwa kuwa zimetoka katika wakati mmoja, hakuna jani litakalokuwa limesogea.

Ngalawa mbili palipokuwa na moja

Pwani inaadhibu uzembe wa kuunganisha. Ngalawa iliyotia nanga haitulii hata bahari ikionekana shwari, na kila fremu inaikuta mahali pengine. Ukiunganisha, unapata milingoti miwili na matanga yanayopenyeza mwanga. Programu zina kitufe cha kuondoa vivuli hivi, lakini elewa kinachofanya: kwenye eneo linalosogea kinachagua fremu moja na kuzitupa nyingine. Ukikiweka kwenye nguvu ya juu kabisa, utaona mabaka yenye chembechembe majini, kwa sababu pale ni fremu moja ya giza iliyoinuliwa. Weka nguvu ya chini, na mahali pakaidi weka maski kwa mkono.

Mchana unaweza kuikwepa taabu hii kwa kupiga mfululizo wa kasi, ili fremu tatu zote zitoke ndani ya sekunde moja. Jioni shata inakuwa ndefu na ujanja huo hauwezekani tena. Hapo sasa ndipo filta ya nusu giza ina haki yake, ile yenye mpito mkali, kwa maana upeo wa bahari umenyooka. Kama kuna tanga kubwa linalopita juu ya upeo, tumia yenye mpito laini, au tumia ile njia ya faili moja la RAW tuliyoisema.

Tatizo lingine la pwani linasahaulika: maji yenyewe yanahama. Zanzibar, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Sehemu kubwa ya maji hayo hupita katika saa za katikati, kati ya kujaa na kupwa. Kwenye fuo zenye mteremko mdogo kama Paje na Jambiani, mstari wa maji unaweza kusogea mita nzima kwa dakika moja. Ukipiga fremu moja ya anga na baada ya dakika tatu nyingine ya mchanga, hazitakutana: vijiti vya mwani vilivyokuwa nje kwenye fremu ya kwanza vimezama kwenye ya pili. Panga kupiga maji yakiwa yamejaa kabisa au yamekupwa kabisa, wakati yanaposimama, au chagua siku za maji mafu. Wavuvi wa mahali unapokwenda watakuambia saa kwa uhakika kuliko programu nyingi za simu.

Hesabu ya ND ilikuwa sahihi, picha imetoka giza

Ulipima bila filta ukapata sekunde 1/60. Kwa ND1000 hiyo ni kama sekunde 17, na asubuhi picha inatoka sawa. Jioni unafanya hesabu ileile, unapata dakika 4, na picha inatoka na giza. Filta haina kosa. Karibu na ikweta jua huzama likielekea chini moja kwa moja, na tangu lizame hadi mwanga wa kwanza wa jioni uishe ni kama dakika 21 tu. Ndani ya muda huo mwanga unashuka takriban stopu 7, yaani stopu moja kila dakika 3. Wakati shata yako inahesabu dakika 4, mwanga ulioupima mwanzoni umeshapungua zaidi ya nusu.

Miongozo mingi ya kupiga kwa muda mrefu imeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua huzama kwa mshazari na jioni hukawia. Ushauri wao wa kuongeza muda kidogo hautusaidii. Mwanga unaopungua nusu kila dakika 3 ukiujumlisha wote hadi usiku uingie, unalingana na dakika 4 na theluthi hivi za mwanga wa mwanzo. Kwa hiyo ukihitaji dakika 4 kamili utasubiri kama dakika 11, na ukihitaji 5 hutazipata hata ukikesha. Dawa ni kubadilisha filta: toa ND1000, weka ND64, na dakika 4 zinageuka sekunde 15. Mawimbi yatakuwa laini vya kutosha. Kama filta ni hiyo moja tu, fungua tundu au pandisha ISO hadi muda ushuke chini ya dakika moja.

Hesabu hiyohiyo inaiharibu breketi ya jioni, yaani mfululizo wa fremu za eksposha tofauti za kuunganishwa. Ukipiga fremu tatu za taratibu, ya mwisho iko katika mwanga mwingine na rangi nyingine. Anza na fremu ndefu, ile ya nchi kavu, kisha malizia na fupi ya anga, ambalo jioni ndilo linalobaki na mwanga muda mrefu zaidi.

Giza likionekana hata asubuhi, angalia ISO ya kujirekebisha yenyewe. Zima. Katika breketi pia: ikiwa imewashwa, kamera inaweza kubadilisha ISO badala ya shata, ukapata fremu tatu zenye chembechembe tofauti. Funga pia tundu, fokasi na mizani ya rangi. Fremu zenye matundu tofauti hazina ukali unaolingana mbele na nyuma, na hakuna programu itakayokurekebishia hilo.

Majani yamekuwa ya hudhurungi

Filta kali ya ND hukata mwanga unaoonekana, lakini nyingi, hasa za bei ndogo, huacha miali ya infraredi ipite. Kihisio cha kamera huiona miali hiyo, na majani mabichi huirudisha kwa wingi. Matokeo yake mgomba unageuka hudhurungi na nguo nyeusi inaelekea zambarau. Linganisha na ile fremu yako ya bila filta. Kama picha nzima imeegemea rangi moja kwa usawa, mizani ya rangi itamaliza kazi: iweke kwa Kelvini mwenyewe, usiiache ijiamulie. Kama ni majani na vitu vyeusi tu vilivyobadilika huku mchanga na mawingu viko sawa, hiyo ni infraredi, na mizani ya rangi haitatosha. Rekebisha rangi ya majani peke yake, na ukinunua filta nyingine tafuta iliyoandikwa kuwa inazuia infraredi.

Usiunganishe fremu yenye ND na isiyo na ND kabla ya kuzisawazisha rangi moja moja. Mpaka wa rangi ukishaingia kwenye maski, kuuondoa ni kazi kubwa.

Anga lina doa la bluu nzito

Hii ni kazi ya polaraiza, filta ya kuzungusha inayokata mng'ao na kukoleza anga, kwenye lenzi pana. Anga huitikia polaraiza zaidi katika ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Jua linapochomoza mashariki, ukanda huo unapita kaskazini, utosini na kusini. Kwa hiyo ukiwa Amboseli umeelekea Kilimanjaro, yaani kusini, nguzo ya bluu nzito inasimama juu ya mlima na pembeni anga linapauka. Tumia lenzi ya kuanzia milimita 35 hivi kwa kamera ya fremu kamili, au zungusha polaraiza ikae nusu ya nguvu yake.

Kuna faida yetu hapa ambayo haisemwi sana. Jua likiwa utosini, ukanda wenye nguvu unalala kuzunguka upeo wote, na anga la chini linakolea sawasawa kila upande. Zanzibar hilo hutokea mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, saa sita mchana. Mwanga wa saa hiyo wengi wanaukimbia, lakini kwa maji ya kijani ya Nungwi na miamba iliyo chini yake, polaraiza haifanyi kazi nzuri kuliko wakati huo.

Kwenye maporomoko kama Materuni, juu ya Moshi, polaraiza inaondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa na kukata stopu moja au mbili, kwa hiyo mara nyingi huhitaji ND kabisa. Robo ya sekunde hadi sekunde moja inayalainisha maji huku nyuzi zake zikibaki. Usiizungushe kati ya fremu za breketi.

Picha nzima ina ukungu, au taa ndogo zimetawanyika

Pwani, shuku umande kwanza. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje asubuhi, mvuke unaganda kwenye filta, na mara nyingine kati ya filta na lenzi, mahali usipoweza kufuta. Acha begi limefungwa nje kwa nusu saa kabla ya kulifungua. Baada ya hapo shuku chumvi. Matone ya mawimbi yakikauka yanaacha utando ambao dhidi ya jua unafanya picha iwe kama maziwa. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kitambaa, la sivyo utaikwaruza filta, hasa ya plastiki. Vumbi la Amboseli vivyo hivyo: lipulize kwanza, ndipo ufute.

Doa la kijani au zambarau linalokabiliana na jua ni mwanga unaodunda kati ya vioo. Toa filta ya UV, toa kila kisicho na kazi. Jua likiwa ndani ya fremu, piga fremu moja ya ziada ukilifunika kwa kidole. Sehemu zilizopona zitachukuliwa kutoka hapo.

Mwanga wa ajabu unaopita katikati ya picha ya dakika nzima huingia kwa nyuma, kupitia kitafuta-picha cha kamera yenye kioo cha ndani (DSLR). Kifunike. Nukta nyekundu na za bluu zilizotapakaa ni joto la kihisio, na hewa ya pwani inazidisha. Washa chaguo la kupunguza chembechembe za muda mrefu, ukijua kwamba kamera itachukua tena muda uleule kabla ya kukuruhusu kuendelea; jioni ya ikweta muda huo ni ghali, kwa hiyo nukta chache ni afadhali kuzifuta baadaye.

Ukali umepotea

Tripodi juu ya mchanga wenye maji huzama polepole kila wimbi linaporudi. Ikandamize hadi miguu igome, subiri mawimbi mawili matatu, ndipo upige. Usiinue nguzo ya katikati kukiwa na upepo wa kusi. Weka fokasi kabla ya kufunga ND1000 kisha uihamishie kwa mkono, maana ukiifunga kwanza kamera itatafuta gizani. Na usikimbilie f/22 ili kupata muda mrefu. Picha nzima inalainika, na kila punje ya vumbi la kihisio inajitokeza angani.

Madogo yaliyobaki

Msalaba wa giza wenye umbo la X ni ND ya kuzungusha iliyozungushwa kupita mwisho wake, hasa kwenye lenzi pana. Rudisha nyuma. Pembe nyeusi ni filta zilizopangwa juu ya nyingine; bakiza moja, au nunua kubwa kuliko lenzi na utumie pete ya kupanulia.

Kwa anayetumia simu: simu huunganisha fremu nyingi fupi yenyewe, kwa hiyo ND iliyobandikwa mbele yake huenda isiyalainishe maji hata kidogo. Ingia kwenye hali ya kitaalamu, weka shata kwa mkono, iegemeze simu mahali imara.

Filta iliyogoma kufunguka baada ya siku ya bahari imeumwa na chumvi kwenye nyuzi zake. Usiibane kwa nguvu, maana pete inajikunja na kuzidi kukaza. Izungushie mpira mpana, ishike kwa viganja sawasawa pande zote, zungusha taratibu. Ikitoka, suuza nyuzi kwa maji baridi, kausha, na siku nyingine usiikaze zaidi ya inapogusa.